Akili nzito, hasira za karibu na tumbo: namna ya kupima na kurekebisha

Mtu aliyefunga choo siku nne, au anayehara kila asubuhi, hafikiri sawasawa na si rahisi kukaa naye. Hilo halihitaji mtaalamu. Linalohitaji maelezo ni njia ambayo usumbufu wa tumboni unapitia hadi kufika kwenye fikra na kwenye mahusiano, na ni wapi kwenye njia hiyo unaweza kutia mkono mwenyewe.

Kazi yenyewe inachukua kama miezi mitatu: wiki mbili za kuandika bila kubadilisha chochote, kisha badiliko moja baada ya jingine. Watu wengi huharibu hapo mwanzoni, tena kwa pupa tu. Jumatatu moja wanaanza mtindi, wanaacha sukari, wanalala mapema na kunywa vidonge vya bakteria. Wakipata nafuu hawajui imetoka wapi, na wakikosa hawajui kipi kimewaangusha.

Habari zinapita wapi

Neva ya vagasi inashuka kutoka sehemu ya chini ya ubongo hadi tumboni. Takriban asilimia 80 ya nyuzi zake zinapeleka habari juu. Amri za kushuka ni chache. Zaidi ya hapo, ukuta wa utumbo una mtandao wake wa neva wenye seli zaidi ya milioni 100, unaoweza kusukuma chakula bila kusubiri ruhusa ya ubongo. Kwa hiyo tumbo lililojaa gesi au lililokaza halikai kimya. Linatuma ishara muda wote, na ubongo unazitafsiri kadiri unavyoweza: mara nyingine kama maumivu, mara nyingine kama wasiwasi usio na sababu.

Njia ya pili ni kemikali, na hapa ndipo uongo mwingi wa mtandaoni unapozaliwa. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya serotonini ya mwili, kama asilimia 90 au zaidi, hutengenezwa utumboni. Lakini serotonini hiyo haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kazi yake ni kusukuma chakula na kuamsha miisho ya vagasi. Ubongo hutengeneza serotonini yake wenyewe kutokana na triptofani, ambayo huipata kwenye protini unayokula. Anayekuuzia kitu cha "kupandisha serotonini ya utumbo ili ufurahi" ameruka hatua nzima katikati.

Njia ya tatu ni kinga ya mwili, na kwa upande wa tabia za kijamii ndiyo yenye ushahidi unaoeleweka zaidi. Mwaka 2010 Naomi Eisenberger na wenzake wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, waliwadunga watu wazima wenye afya dozi ndogo ya endotoksini, sumu inayotoka kwenye ukuta wa baadhi ya bakteria. Waliodungwa walijisikia wametengwa na wenzao na moyo ukawa mzito, ilhali hakuna mtu aliyewatenga. Kinga ikiamka, mwili hutaka kujitenga. Ndiyo maana mgonjwa wa homa hataki wageni. Mtu ambaye kinga yake imeamka kidogo kidogo kwa miezi anaweza kuonekana ana kiburi au amechukia watu, kumbe mwili unamvuta pembeni.

Ya nne ni virutubisho. Ukuta wa utumbo usipovinyonya, ubongo unakosa. Pelagra, inayotokana na upungufu wa niasini, ni mfano wa zamani: kuhara, ngozi kubabuka na akili kuvurugika, vyote kutoka upungufu mmoja. Vitamini B12 ni mfano wa leo, tutaufikia.

Na kama unataka uthibitisho kwamba uchafu wa utumboni unaweza kugeuza akili ya mtu, tazama ugonjwa wa ini uliokomaa. Bakteria wa utumbo hutengeneza amonia. Ini zima huisafisha, ini lililochakaa linashindwa. Amonia ikifika kwenye ubongo mgonjwa anachanganyikiwa, anabadilika tabia, analala mchana na kukesha usiku. Moja ya dawa kuu si ya ubongo kabisa: ni laktulosi, sharubati inayofanya kazi utumboni, na dozi yake hurekebishwa hadi mgonjwa apate choo laini mara 2 hadi 3 kwa siku. Akili hurudi kupitia choo.

Njia inakwenda pande zote mbili. Daktari wa jeshi la Marekani William Beaumont alimhudumia Alexis St. Martin, aliyepigwa risasi tumboni mwaka 1822 na kubaki na tundu lisiloziba. Beaumont alichungulia kupitia tundu hilo kwa miaka, akaona kwamba mgonjwa akikasirika umeng'enyaji unavurugika. Kwa hiyo usikimbilie kusema kila hasira imetoka tumboni. Wakati mwingine hasira ndiyo ilianza.

Majaribio ya kuamini, na ya kuangalia kwa jicho la pembeni

Panya wanaofugwa bila bakteria hata mmoja hushtuka kupita kiasi wakipata msongo. Watafiti wa Japani walionyesha hivyo mwaka 2004, wakaonyesha pia kwamba bakteria mmoja aliyerudishwa mapema alituliza hali hiyo. Mwaka 2011 aina fulani ya bakteria Lactobacillus rhamnosus, inayoitwa JB-1, iliwapunguzia panya woga, na neva ya vagasi ilipokatwa faida ikatoweka. Habari nzuri sana. Kisha, mwaka 2017, bakteria yuleyule alijaribiwa kwa wanaume wenye afya, na haikuonekana tofauti na dawa isiyo na kitu. Kumbuka jozi hii kila unaposoma tangazo linaloanza na "utafiti umethibitisha".

Upande wa binadamu tunayo machache ya kushika. Nchini Australia, jaribio la timu ya Felice Jacka lililochapishwa mwaka 2017 lilichukua watu 67 wenye sonona, wengi wakiwa wanaendelea na matibabu. Nusu walisaidiwa kubadilisha mlo kwa wiki 12, nusu walipata mtu wa kuzungumza naye. Karibu theluthi moja ya kundi la mlo walitoka kwenye sonona, dhidi ya asilimia 8 ya kundi la pili. Jaribio ni dogo, na washiriki walijua wako kundi gani, jambo ambalo lazima liliongeza matumaini. Bado ni kubwa kuliko sifuri.

Kuhusu tabia, watafiti wa Ufaransa waliwapa watu 101, kwa wiki 7, ama mchanganyiko wa bakteria pamoja na chakula cha bakteria hao, au unga usio na kitu, kisha wakawachezesha mchezo wa kugawana pesa: mmoja anapendekeza mgawo, mwingine anakubali au wote wanakosa. Matokeo yalitoka mwaka 2024: waliotumia bakteria walizidi kukataa migawo isiyo ya haki, hata kwa hasara yao. Hiki ni kitu cha kukitafakari. Wengi wanadhani utumbo ukikaa vizuri mtu anakuwa mpole. Hawa walikuwa wakali zaidi penye dhuluma. Utakapopima tabia yako, usihesabu upole peke yake.

Wiki mbili za kuandika tu

Chukua daftari la kawaida. Simu inafaa pia, ila daftari lina faida moja: unaona wiki nzima kwa mpigo. Kila siku andika mambo matano na usiongeze la sita, maana daftari refu huachwa siku ya nne.

La kwanza ni choo: saa ngapi, na umbo lake kwa kipimo cha Bristol, kilichochapishwa mwaka 1997. Namba 1 ni vidonge vigumu vilivyotengana. 2 ni kipande kimoja chenye mabonge. 3 kina nyufa juu. 4 ni laini na kirefu. 5 ni vipande laini. 6 ni ujiuji wenye vipande. 7 ni maji matupu. Unachotaka ni 3 au 4. Mara 3 kwa siku hadi mara 3 kwa wiki bado ni kawaida, kwa hiyo usimwonee wivu anayekwenda kila asubuhi.

La pili ni usingizi: saa ya kulala, saa ya kuamka, mara ngapi umeamka. La tatu ni ulichokula na saa ya mlo, kwa maneno machache, pamoja na kahawa, pombe na dawa zote.

La nne ni akili. Usijipe alama kwa hisia, kwa sababu hisia hufuata siku ilivyokwenda. Tumia kipimo kidogo: weka saa sekunde 60, taja kwa sauti vitu vya kundi moja (wanyama, vyakula, vifaa vya nyumbani, kazi za watu, viungo vya mwili, mavazi, vyombo vya usafiri), ukihesabu kwa vidole na bila kurudia. Siku saba, makundi saba. Wiki ijayo unarudia palepale ili Jumanne ilinganishwe na Jumanne. Fanya saa ileile, kabla ya kahawa ya pili. Alama zako zitapanda kidogo kwa mazoezi tu, na hiyo ni sababu nyingine ya kuwa na wiki mbili za mwanzo.

La tano ni watu. Hesabu mambo mawili: mara ulizojibu kwa ukali kuliko jambo lilivyostahili, na mara ulizokwepa mtu au simu uliyotakiwa kupokea. Mwombe mmoja unayeishi au kufanya naye kazi akupe namba yake mwisho wa wiki, bila kuona yako. Namba zikipishana sana, mwamini yeye.

Ndani ya wiki hizi pima pia mwendo wa chakula. Kaa siku nne bila mahindi, kisha kula kikombe kimoja cha punje za mahindi laini yaliyochemshwa, usizitafune sana, uandike saa. Ganda la punje haliyeyuki, utaliona likitoka. Kati ya saa 10 na siku tatu ni sawa. Chini ya saa 10 chakula kinakimbia. Zaidi ya siku tatu kimelala, na hapo nyuzinyuzi lazima ziongezwe taratibu mno, la sivyo utajuta.

Dawa na damu kabla ya chakula

Sehemu hii watu huiruka, na mara nyingi jibu liko hapa. Metformini ya kisukari na dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli, zikitumika kwa miaka, hupunguza unyonyaji wa vitamini B12. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa, kwa hiyo upungufu huja polepole: kusahau, ukali, ganzi za miguuni, kutembea bila uthabiti. Asiyekula nyama, mayai wala maziwa yuko kwenye hatari ileile. Usijitibu kwa foliki asidi peke yake. Inaweza kurekebisha damu huku neva zikiendelea kuharibika bila wewe kujua.

Dawa za mzio na mafua zinazoleta usingizi, kama klorofeniramini, hukausha utumbo na kupunguza kumbukumbu kwa mkupuo mmoja, hasa kwa wazee. Kodeini, dawa ya maumivu na kikohozi, hufunga choo. Vidonge vya madini ya chuma pia. Usiache dawa uliyoandikiwa kwa sababu ya maelezo haya. Peleka orodha yako kwa daktari au mfamasia uulize kama kuna mbadala.

Ukienda maabara, vipimo vya kuulizia ni picha kamili ya damu, feritini (akiba ya madini ya chuma), B12, sukari na TSH. Hiyo ya mwisho ni ya tezi ya shingo: tezi ikilegea, choo kinafunga na akili inakuwa nzito kwa wakati mmoja, na hakuna mtindi utakaoirekebisha. Kama unashuku ngano, pima ugonjwa wa siliaki, ambapo kinga hushambulia utumbo kwa sababu ya ngano, kabla ya kuiacha. Ukiacha kwanza, kingamwili zinazotafutwa hushuka na kipimo kinatoka safi wakati ugonjwa upo.

Nyuzinyuzi: ongeza kidogo kidogo

Bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Ukuta ukishiba unaziba vizuri, na sumu za bakteria hazivuji ovyo kwenda kuamsha ile kinga tuliyoitaja. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, zitokane na chakula chenyewe.

Kwa hesabu za jikoni: maharage yaliyochemshwa gramu 100 yana gramu 6 hadi 8 za nyuzinyuzi, dengu kama 8, oti kavu gramu 40 zina 4, tufaa na ganda lake 4, ndizi mbivu au chungwa 3, nusu ya parachichi 6, karoti gramu 100 karibu 3, karanga kiganja kimoja, gramu 30, zaidi kidogo ya 2. Kipande cha mkate wa ngano nzima kina 2 hadi 3, cheupe hakifiki 1. Oti asubuhi na tunda, maharage gramu 150 mchana, mboga gramu 150, tunda jingine jioni na kiganja cha karanga: umeshafika.

Hesabu kwanza unakula ngapi sasa, kisha ongeza gramu 5 kwa wiki, si zaidi. Anayeruka kutoka 12 hadi 30 kwa siku moja anapata gesi, tumbo linauma, usiku haulaliki, kesho yake amekuwa mkali kuliko alivyoanza, anaamua kwamba nyuzinyuzi "hazimpatani". Bakteria wanaozichachusha wanahitaji muda wa kuongezeka. Maji nayo yapande: nyuzinyuzi bila maji hukaza choo badala ya kukilainisha.

Maharage loweka saa 12, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya. Unapunguza sukari zinazoleta gesi. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguza moto, kwa sababu yana sumu isiyoharibika kwa moto mdogo. Chungu cha umeme cha kupika polepole kinaweza kukuhadaa: maharage yanalainika huku sumu ikiwa bado imo, na baada ya saa chache unatapika.

Kama baada ya wiki nne bado tumbo linavimba kila mlo, huenda una utumbo wenye hisia kali. Upo mlo wa kupunguza sukari zinazochachuka haraka, uliotengenezwa na Chuo Kikuu cha Monash, Australia. Awamu ya kuzuia ni wiki 2 hadi 6, halafu vyakula vinarudishwa kundi moja moja. Kosa la kawaida ni kubaki kwenye awamu ya kwanza mwaka mzima. Unawanyima chakula bakteria walewale uliotaka kuwalisha. Ufanye na mtaalamu wa lishe.

Kuchachusha: kabichi na mtindi

Chuo Kikuu cha Stanford kiliwalisha watu 36 kwa wiki 10, kundi moja nyuzinyuzi nyingi, jingine vyakula vilivyochachushwa, hadi sehemu sita kwa siku. Matokeo ya 2021: kundi la vilivyochachushwa lilipata aina nyingi zaidi za bakteria, na protini 19 zinazoashiria kinga iliyoamka zilishuka. Kundi la nyuzinyuzi halikuongeza aina katika muda huo. Sehemu sita ni nyingi mno kwa mtu wa kawaida. Anza na kijiko kimoja kikubwa, ufike mbili au tatu.

Angalia unachonunua. Kabichi ya kopo iliyopashwa moto haina bakteria hai. Mboga za siki hazikuchachushwa kabisa, zimelowekwa tu. Kutengeneza mwenyewe ni rahisi kuliko kusoma lebo.

Kabichi kilo 1 iliyokatwa nyembamba, chumvi gramu 20. Pima kwa mizani. Kijiko hudanganya kwa sababu chumvi ya mawe na chumvi laini hazilingani uzito. Chumvi ikipungua chini ya gramu 15 kabichi inakuwa laini na bakteria wasiotakiwa wanapata nafasi. Ikizidi 30 kazi inachelewa. Fikicha kwa mikono safi dakika 5 hadi 10, mpaka ukiikamua maji yanadondoka. Shindilia kwenye chupa ya kioo hadi maji yafunike kabichi, weka juu yake jani zima na kitu kizito kisafi. Acha nafasi ya vidole viwili juu. Funga bila kukaza, au fungua kila siku kutoa gesi wiki ya kwanza. Kwenye nyuzi 18 hadi 22 za selsiasi onja kuanzia siku ya 7. Wengi huipenda kati ya wiki ya 2 na ya 4. Kwenye joto la 28 itakuwa tayari haraka, ila laini zaidi.

Kinachoharibika ni kile kilichochungulia juu ya maji. Utando mweupe bapa ni hamira ya porini, utoe kwa kijiko uendelee. Manyoya ya kijani, meusi au waridi ni kuvu: mwaga chupa nzima, usikwangue. Harufu iwe ya uchachu safi. Ikinuka kama kitu kilichooza, haifai kubishana nayo.

Mtindi: pasha maziwa lita 1 hadi nyuzi 85, yashikilie hapo dakika 10 ili protini zilegee na mtindi uwe mzito. Poza hadi 43. Koroga vijiko viwili vikubwa vya mtindi hai usio na sukari, funika, tunza joto la 40 hadi 45 kwa saa 6 hadi 8 bila kutikisa, kisha jokofuni. Ukitia mbegu maziwa yakiwa zaidi ya nyuzi 50 umeiua, na kesho utakuta maziwa yaleyale. Yakiwa yamepoa mno yanaganda kwa shida na kuwa majimaji. Yakikataa kabisa ilhali joto lilikuwa sawa na mbegu ni mpya, shuku maziwa ya ng'ombe aliyekuwa kwenye antibayotiki.

Aliyepandikizwa kiungo, anayetibiwa saratani au mwenye kinga iliyoshuka asianze vyakula hivi bila daktari. Anayeumwa kichwa au kuwashwa baada ya kuvila anaweza kuwa ameathiriwa na histamini iliyomo, kemikali ileile inayoleta dalili za mzio. Apunguze au aache.

Saa za mlo, kahawa na choo

Tumbo likiwa tupu, utumbo mwembamba hujifagia kwa mawimbi yanayorudi kila dakika 90 hadi 120. Ukitafuna kitu, ufagizi unakatika. Anayedonoa vitafunio kutwa nzima hajawahi kuupa nafasi, na uvimbe wake wa jioni mara nyingi ni huo. Acha saa 3 hadi 4 kati ya milo, na saa 3 kati ya mlo wa mwisho na kulala.

Nusu ya kafeini hubaki mwilini kama saa 5 baada ya kunywa. Kahawa ya saa kumi jioni bado inakesha nawe saa tatu usiku, na usingizi uliokatika huleta ukali wa kesho moja kwa moja, bila kupitia utumbo. Kwa hiyo rekebisha usingizi kabla ya kulilaumu tumbo.

Choo kina saa yake pia. Chakula kikiingia tumboni utumbo mpana huamka, hasa asubuhi. Dakika 20 hadi 30 baada ya kifungua kinywa nenda ukakae chooni, hata kama hujabanwa, ila usikae zaidi ya dakika 10. Kwenye choo cha kukalia weka kigoda cha sentimita 20 chini ya miguu ili magoti yapande. Simu iache nje, kukaa muda mrefu huleta bawasiri.

Kifungua kinywa chenyewe kinafaa kiwe na protini. Jaribio la Lübeck, Ujerumani, la 2017 lilionyesha kwamba waliokula asubuhi wanga mwingi kulinganisha na protini walikataa zaidi mgawo usio wa haki katika mchezo uleule wa pesa. Kabla ya kikao chenye ubishi, mayai au mtindi pamoja na oti ni dau jepesi.

Kutoka juu kwenda chini, kuna pumzi. Vuta sekunde 5, toa sekunde 5, dakika 5 kabla ya mlo au kabla ya mazungumzo magumu. Ukipata kizunguzungu unavuta kwa nguvu mno. Punguza kina cha pumzi, usibadilishe mwendo.

Vidonge vya bakteria

Ukiamua kujaribu, nunua penye jina kamili hadi herufi na namba za aina yake, idadi ya bakteria hai hadi tarehe ya mwisho wa matumizi (si siku ya kutengenezwa), na maelekezo ya kutunza. Jaribu wiki 4 ukiwa hujabadilisha kingine. Daftari lisipoonyesha kitu, acha. Kuongeza chupa ya pili ni kupoteza pesa. Usivimeze kwa mazoea baada ya antibayotiki: watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, walionyesha mwaka 2018 kwamba mchanganyiko wa probayotiki ulichelewesha bakteria asilia kurudi. Dozi ya antibayotiki yenyewe imalize kama ulivyoandikiwa.

Kusoma daftari

Mpangilio wa mabadiliko uwe hivi: usingizi na saa za mlo, wiki 2, nyuzinyuzi, wiki 4, vilivyochachushwa, wiki 4. Linganisha wastani wa wiki, si siku na siku. Tafuta pia ucheleweshaji: choo namba 1 au 2 leo, na ukali kesho au keshokutwa. Kama ukali unatangulia na tumbo linafuata, tatizo limeanzia juu, na tiba ya mazungumzo au hata hipnosi ya tumbo (kutulizwa kwa maneno hadi utumbo ulegee), iliyoanza kuonyesha matokeo Manchester mwaka 1984, itakufaa kuliko kabichi. Mwanamke anayepata hedhi alinganishe wiki za mzunguko zinazofanana, kwa sababu homoni hubadilisha choo na hisia kwa pamoja.

Ukipata badiliko unaloliamini, liondoe wiki 2 kisha lirudishe. Nafuu ikiondoka na kurudi nalo, umelipata. Nafuu isipobadilika, sababu ilikuwa jambo jingine.

Daftari lifungwe na uende hospitali ukiona damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, uzito unaopungua bila kujitahidi, kuhara kunakokuamsha usiku, homa isiyoisha, shida ya kumeza, upungufu wa damu, au mabadiliko ya choo yaliyoanza baada ya umri wa miaka 50. Mtu aliyechanganyikiwa ghafla, asiyejua siku wala mahali alipo, anapelekwa saa hiyohiyo, hasa kama ana ugonjwa wa ini, kisukari au ni mzee aliyefunga choo siku nyingi. Na mwenye mawazo ya kujiua asisubiri wiki ya daftari: amwambie mtu aliye karibu naye sasa, na apelekwe kwenye huduma ya dharura.